Bakshishi si Chai: Adabu ya Kumtuza Mhudumu Uwanjani mwa Gofu

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, tukaijazia mapengo mitihanini, kisha tukaiacha huko huko. Ndani yake mna jambo ambalo makala haya yanadhamiria kulifufua: kwamba jamii ya Waswahili ina desturi kongwe ya kumtuza afanyaye kazi yake vyema, na kwamba desturi hiyo ina adabu zake. Mahali nilipopachagua pa kuijadilia adabu hiyo huenda pakamshangaza msomaji wa jarida hili. Ni uwanjani mwa gofu.

Najua yupo atakayeuliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana lipi la kutafuta kwenye nyasi za wenye nacho? Nina majibu mawili. Kwanza, adabu baina ya mja na mja ni mada halali ya fasihi yetu tangu jadi. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mnamo mwaka 1858, hakuona haya kumfunza namna ya kusema na watu na namna ya kuiendesha nyumba. Pili, suala la bakshishi ni suala la maneno kabla halijawa suala la mfuko. Ile shilingi anayopewa mhudumu juu ya ujira wake tumeipa majina yaliyochafuka, na kwa kuchafuka jina, namna ya kuitoa na namna ya kuipokea vimechafuka pia.

Hoja yangu, ndugu msomaji, ni hii: bakshishi ni tuzo ya kazi iliyoonekana. Ikitolewa kama sadaka, humdhalilisha apokeaye. Ikitolewa kama chai, humharibu atoaye pamoja na apokeaye. Na ikitolewa badala ya ujira, huwa ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya ukarimu.

Tuanze na uwanja wenyewe. Gofu iliingia nchini Kenya pamoja na utawala wa Waingereza. Klabu iitwayo leo Royal Nairobi iliasisiwa mwaka 1906, na katika enzi hiyo ya ukoloni Mwafrika aliyeonekana viwanjani humo kwa kawaida alikuwa mbeba mkoba, mkata nyasi au mpishi. Leo viwanja vimetapakaa kuanzia Nyali hadi Kisumu, Limuru, Nyeri, Kericho na Eldoret, na Wakenya wa tabaka la kati wanazidi kuingia humo na mikoba yao. Mashindano ya Kenya Open yamekuwapo tangu mwaka 1967. Wachezaji wamebadilika; uhusiano baina ya achezaye na abebaye haujabadilika kwa kiasi hicho.

Mbeba mkoba huyo, ambaye viwanjani huitwa kedi, anafanya nini hasa? Kanuni za gofu huruhusu fimbo zisizozidi 14 mkobani. Kedi huubeba mzigo huo kwa mashimo 18, kazi ya saa nne au tano chini ya jua, akipanda na kushuka. Hilo ndilo lionekanalo kwa macho. Lisiloonekana ni kwamba yeye ndiye anayeupima upepo, anayekadiria masafa, anayeufuata mpira kwa jicho hadi uangukiapo, anayeusawazisha mchanga uliovurugwa na kuinama karibu na shimo ili kusoma mteremko ambao mchezaji hauoni. Kanuni zenyewe zinautambua uzito wa kazi hii. Katikati ya raundi, mchezaji wa peke yake haruhusiwi kuomba ushauri wa namna ya kucheza kutoka kwa mtu yeyote ila kedi wake. Na kedi akivunja kanuni, adhabu humshukia mchezaji. Kwa hiyo, kwa muda wa saa hizo nne, watu hawa wawili ni kitu kimoja.

Historia yetu ina mfano unaoweza kutusaidia kuielewa kazi hiyo. Katika misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kuelekea bara, walikuwamo wapagazi waliobeba mizigo, na alikuwamo kirangozi aliyetangulia mbele kwa kuwa aliijua njia. Kedi ni wote wawili katika mwili mmoja: mzigo uko begani mwake na njia iko kichwani mwake. Kosa letu ni kwamba tunamlipa kama mpagazi, kisha tunamshukuru kama ombaomba, na yule kirangozi aliyemo ndani yake tunamsahau kabisa. Hayati Seve Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, aliianza safari yake kwa kubeba mikoba ya watu katika uwanja wa kijijini kwao, Pedreña. Viwanjani mwetu pia wamo wachezaji wa kulipwa ambao chuo chao cha kwanza kilikuwa kubeba mkoba wa mwingine. Maarifa ya kedi, basi, si ya kubahatisha.

Kazi hii niliifahamu kwa mabega yangu. Miezi iliyokuwa baina ya mtihani wa kidato cha nne na kuingia chuo kikuu niliitumia nikibeba mikoba katika uwanja mmoja usio mbali na kwetu. Ada ya raundi iliwekwa na klabu na kubandikwa kwenye kibanda cha msimamizi wetu. Kilichozidi hapo kilitegemea mkono wa mchezaji, na mikono niliiona ya kila namna. Alikuwapo mwanachama mmoja ambaye akishindwa dau na wenzake hukata hasara yake kwenye ada ya kedi. Siku moja alimlipa mwenzangu nusu ya ada, akimwambia kuwa macho yake mabovu ndiyo yaliyoupoteza mpira. Mwenzangu huyo alikuwa na watoto wawili na kodi ya chumba. Alikwenda kwa msimamizi, msimamizi akamwambia kwamba hayo ni mapatano yake na mchezaji. Alirudi nyumbani na nusu hiyo.

Alikuwapo mwingine, mkarimu kupindukia, aliyengoja hadi wenzake wakusanyike barazani ndipo achomoe noti kubwa na kuiinua juu kabla ya kuitia mkononi mwa kedi. Noti ilikuwa nzuri. Mkono ulioipokea ulitetemeka kwa aibu. Alikuwapo pia mzee mmoja mstaafu, wa mfuko mwembamba, ambaye baada ya raundi angekuita kwa jina lako, akutazame usoni na kusema, “Lile shauri lako la shimo la kumi na tatu limeniokoa,” kisha akupe alichokuwa nacho, kiasi cha nauli na mkate. Kedi wote waligombania kumbebea mzee huyu. Mtu anayepima mambo kwa hesabu tupu hawezi kulieleza jambo hilo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa nini basi wengi wetu hutoa kama yule wa pili, au hatutoi kabisa? Hapa ndipo lugha inapoingia. Tazama jinsi maneno yetu ya kupeana yalivyoporomoka maana. “Hongo” katika enzi ya misafara ilikuwa ushuru uliojulikana, ambao msafara ulimlipa mtawala wa mahali ili upite salama. Leo ni jinai, na Kenya ilipitisha sheria mahususi dhidi yake mwaka 2016. “Takrima” chimbuko lake ni kukirimu na kuheshimu. Nchini Tanzania iliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kama ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Neno likatoka mahakamani na doa. “Chai” nayo, kinywaji cha kila nyumba, imekuwa msamiati wa barabarani: askari akimwomba dereva chai, hakuna atazamiaye birika. Na “kitu kidogo” ndicho kitu kikubwa kilichotula nchi hii.

Matokeo yake ni kwamba Mkenya akitaka kumshukuru mhudumu kwa shilingi, ulimi wake hauna pa kushika. Atasema, “Chukua ya chai,” na papo hapo tendo la shukrani linavaa nguo ya hongo. Atakunja noti iwe ndogo kama kidonge na kuipitisha chini ya kiganja, kana kwamba wote wawili wanaiba. Kedi naye, kwa kuwa ameisikia lugha hiyo kila siku, hujifunza kuidai: “Mkubwa, si uniachie ya chai?” Tendo lililopaswa kuwa baina ya watu wawili waliofanya kazi pamoja linageuka kuwa baina ya mkubwa na mdogo.

Ilhali maneno safi tunayo! “Bakshishi” ililetwa na upepo wa Bahari ya Hindi kutoka Kiajemi, kwenye kitenzi chenye maana ya kutoa na pia kusamehe. “Kiinuamgongo” ni neno la Kiswahili halisi, na ni picha kamili: mtu ameinama akifanya kazi, naye hupewa kitu cha kumwinulia mgongo akimaliza. Siku hizi tumelipandisha cheo hadi kwenye malipo ya wabunge na watumishi wa umma wanaoondoka kazini, tukamsahau yule ambaye mgongo wake umeinama kweli kweli. Tena lipo “tuzo”, na kitenzi chake “kutuza”, ambacho wengine hutamka “kutunza”. Hili ndilo lililo moyoni mwa methali niliyoanza nayo.

Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua kutuza ni nini. Mtazamaji anayeguswa na wimbo huinuka kitini, hutembea kwa madaha hadi mbele na kumpa mwimbaji noti yake waziwazi, huku ukumbi mzima ukitazama. Hakuna anayemdhania mwimbaji kuwa maskini kwa sababu ametuzwa, wala hakuna anayesema kwamba amehongwa. Anayetuza anakiri mbele za watu kwamba kazi imemfikia. Naam, utuzaji wa taarabu nao una mbwembwe zake, na wapo wanaotuza ili waonekane au wamrushie jirani kijembe. Hata hivyo, una sifa tatu ambazo bakshishi ya uwanjani imezikosa: hutolewa kwa uwazi, hutolewa kwa sababu ya kazi iliyosikika, na humwacha anayepokea akiwa amesimama wima.

Nikizichukua sifa hizo na kuzipeleka kwenye uwanja wa gofu, nazipata adabu ambazo mchezaji yeyote anaweza kuzifuata.

Ya kwanza ni kulipa deni kabla ya kutoa zawadi. Ada ya kedi ni ujira wake, nao haupungui kwa sababu mchezaji ameshindwa, mvua imenyesha au mpira umepotea. Anayempa kedi ada pungufu kisha akaongeza sarafu na kuiita bakshishi hajatoa kitu; amerudisha sehemu ya alichokwapua. Kabla ya raundi kuanza, ni vyema mchezaji, hasa mgeni, aulize kwa msimamizi ada ni kiasi gani, na aulize pia desturi ya mahali pale. Kuuliza si ushamba.

Ya pili ni wakati. Tuzo huja baada ya kazi. Anayetanguliza noti ili apewe zamu ya mapema, au ili kedi aufumbie jicho mpira uliosogezwa kwa mguu, ameshavuka mpaka na kuingia kwenye chai tuliyoitaja. Tofauti baina ya bakshishi na hongo mara nyingi haiko katika kiasi cha pesa: moja hushukuru kazi iliyokwisha kufanyika kwa haki, nyingine hununua haki ya mtu mwingine.

Ya tatu ni uso na jina. Mpe mkononi, si kwa kuitupa mkobani wala kuiacha juu ya nyasi aiokote. Mwite kwa jina. Mwambie alichokifanya. Usimwite “kijana” mtu mwenye mvi. Mwanamume wa makamo anayebeba mkoba wako ni mzee wa watu nyumbani kwake, na kedi wa kike ni mama au dada wa watu. Usifiche kama mwizi, na wala usipige baragumu.

Ya nne ni kipimo. Kipimo cha tuzo kiwe kazi ya kedi, wala si matokeo ya mchezo. Mchezaji mbovu humpa kedi kazi kubwa zaidi, maana mpira wake huenda vichakani na mtoni. Kwa haki, siku ya kushindwa ndiyo siku ambayo mgongo wa kedi umeinama zaidi.

Ya tano ni kuwakumbuka wasioonekana. Kedi huonekana kwa kuwa hutembea ubavuni mwa mchezaji. Je, mkata nyasi aliyeamka kabla ya alfajiri ili mpira wako uteleze? Je, mfagiaji wa chumba cha kubadilishia nguo, mpishi, na mlinzi wa langoni? Zipo klabu za wanachama zinazokataza kumpa mfanyakazi pesa mkononi, na badala yake huwa na mfuko wa pamoja unaochangwa na kugawanywa mwishoni mwa mwaka. Penye kanuni kama hiyo, adabu ni kuifuata na kuchanga kwa moyo, kwani mkono mmoja ukitoa kwa upendeleo, mikono mingine iliyofanya kazi hubaki mitupu. Hata hivyo, ni haki ya wanaochangiwa kujua kilichokusanywa na jinsi kilivyogawanywa. Uingereza, kulikotoka utamaduni huu wa klabu, ilipitisha sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayomlazimisha mwajiri kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yao yote bila makato yasiyoruhusiwa na sheria, na kuigawa kwa haki. Klabu zetu hazihitaji kungoja Bunge liwaamuru jambo la uungwana.

Fauka ya haya, lipo pingamizi zito ambalo sitaki kulikwepa. Wapo wasemao kwamba kuifunza jamii adabu ya bakshishi ni kuupaka dhuluma rangi. Mfanyakazi, wanasema, anahitaji mshahara wa haki. Ukimzoesha tuzo, mwajiri ataegemea hapo na kusahau wajibu wake. Ushahidi wa hofu hiyo upo. Nchini Marekani, tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho imemruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi izibe pengo hadi kufikia kima cha chini cha kawaida. Huko mteja amegeuzwa kuwa mlipaji mshahara. Wanafunzi wa tamthilia nao watanikumbusha *Kilio cha Haki* cha Alamin Mazrui, kilichotoka mwaka 1981: Lanina na wafanyakazi wenzake katika shamba la Delamon hawakuwa wakililia tuzo.

Nakubaliana na wenye pingamizi hili zaidi kuliko wanavyodhani. Ndiyo sababu nimeuweka ujira kabla ya tuzo. Hali ya kedi ni ngumu hata kuliko ya kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua anayelipwa mwisho wa siku. Kedi, kwa kuwa aghalabu hulipwa na mchezaji, huambiwa kwamba hana mwajiri. Klabu humpa fulana, humwekea kanuni, humpangia ada na humfukuza akikosea, lakini siku anapopunjwa huambiwa kuwa hayo ni mapatano yake mwenyewe. Klabu inayopanga ada ina wajibu wa kuilinda. Hilo ni dai la haki, na hakuna bakshishi iwezayo kulilipia. Lakini hata siku ambayo haki hiyo itapatikana, watu bado watataka kushukuriana. Mwimbaji wa taarabu aliyelipwa na mwenye ukumbi bado hutuzwa. Haki hukata kiu ya tumbo. Kiu ya kutambuliwa huhitaji kinywaji kingine.

Mwisho, nawageukia wasomaji wa jarida hili, kwa maana wengi wetu hatuna fimbo wala uanachama wa klabu yoyote. Bakshishi haiishi uwanjani mwa gofu peke yake. Utakutana nayo kwa kinyozi, kwa mhudumu wa mkahawa wa chuoni, kwa utingo aliyekupandishia sanduku juu ya basi, na kwa mlinzi wa bweni aliyekufungulia usiku wa manane. Sisi ndio tutakaokuwa walimu, wahariri na watunzi wa kamusi. Tukiendelea kuandika katika mazungumzo ya vitabu vyetu vya kiada “chukua ya chai”, tutakuwa tumewarithisha watoto doa. Tukiwafunza kwamba hongo ni hongo, ujira ni ujira, na tuzo ni tuzo, tutakuwa tumewapa mizani ya kupimia matendo. Na tukilirudisha “kiinuamgongo” kwa mtu ambaye mgongo wake umeinama, tutakuwa tumerejesha mali kwa mwenyewe.

Mkono mtupu haulambwi, husema wenye methali. Ni kweli. Lakini hata mkono uliojaa haufai kumlazimisha mtu alambe. Mpe mwenzio haki yake kamili, kisha mtuze akiwa amesimama wima.